Kura tatu, mbili, moja, kisha hakuna: uchaguzi wa bunge la Wabaski, 1 Machi 2009

Usiku wa Jumapili, 1 Machi 2009, Juan José Ibarretxe alikuwa mshindi kwa hesabu yoyote ambayo mpiga kura wa kawaida angeifanya. Chama chake cha PNV, chama kikongwe cha wazalendo wa Kibaski, kilikuwa kimepata kura karibu 400,000, sawa na asilimia 38.6, na viti 30 kati ya 75 vya bunge. Aliyemfuata, Patxi López wa Wasoshalisti (PSE), alikuwa nyuma yake kwa kura zaidi ya 80,000. Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Mei, bunge lilimchagua López kuwa lehendakari, yaani mkuu wa serikali ya Wabaski. Siku hiyohiyo Ibarretxe akatangaza kwamba anaachana na siasa. PNV, kilichoshika serikali mfululizo tangu uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1980, kikaenda kukaa upinzani.

Kisa hiki husimuliwa kwa haraka: wa pili na wa tatu waliungana wakamwangusha wa kwanza, kama inavyotokea katika mabunge mengi. Ni kweli waliungana. Lakini muungano huo usingefikisha idadi iliyotakiwa kama mambo mawili yasingekuwa yamekwisha kuamuliwa kabla ya masanduku kufunguliwa: jinsi viti vinavyogawanywa kati ya mikoa, na nani anaruhusiwa kugombea. Haya mawili ndiyo ninayotaka kuyachambua hapa, na la pili ndilo linalonikaa rohoni zaidi.

Tuanze na mikoa. Jumuiya ya Wabaski yenye madaraka ya ndani, mojawapo ya jumuiya 17 za Hispania, inaendeshwa chini ya Sheria ya Gernika ya mwaka 1979. Ina polisi wake, Ertzaintza, na mikoa yake ndiyo inayokusanya kodi. Mikoa ni mitatu: Bizkaia, wenye jiji la Bilbao, Gipuzkoa, wenye Donostia, na Álava, ambako ndiko liliko bunge, katika mji wa Vitoria-Gasteiz. Wakati wa uchaguzi huu Bizkaia ilikuwa na watu zaidi ya 1,100,000, Gipuzkoa karibu 700,000 na Álava kiasi cha 310,000. Hata hivyo kila mkoa unapeleka wabunge 25, sawasawa. Kura ya mtu wa Álava, kwa maneno mengine, ina uzito unaokaribia mara nne ya kura ya mtu wa Bizkaia.

Anayeisikia kanuni hii kwa mara ya kwanza hudhani ilitungwa Madrid ili kuwabana Wabaski. Sivyo. Imetokana na fikra yao wenyewe kwamba nchi yao ni mapatano ya mikoa yenye sheria na mila zake za kale, na kwamba hakuna mkoa unaopaswa kumezwa na mwingine. PNV yenyewe iliikubali. Tatizo ni kwamba Álava ndiko ambako vyama visivyo vya kizalendo vina nguvu zaidi, kwa hiyo mkoa mdogo ukawa unawaongezea viti wale ambao katika Bizkaia na Gipuzkoa walikuwa wakishindwa.

Jambo hilo lilikuwa limeshaonekana zamani. Katika uchaguzi wa Novemba 1986, baada ya PNV kupasuka na kundi la Carlos Garaikoetxea kuanzisha chama cha EA, PNV ilipata kura nyingi kuliko Wasoshalisti lakini viti vichache: 17 dhidi ya 19. Wasoshalisti wangeweza kudai kiti cha lehendakari. Hawakudai. Waliingia serikali ya mseto wakamwachia José Antonio Ardanza wa PNV nafasi hiyo. Mwaka 2009 watu wa PNV walikuwa wakiukumbusha umma mfano huo, kwa uchungu unaoeleweka. Lakini ukarimu wa mwaka 1986 haukuwa sheria. Ulikuwa uamuzi wa wakati wake.

Sasa tuingie kwenye lile la pili, na hapa inabidi turudi nyuma kidogo.

Ibarretxe aliingia madarakani mwaka 1999 na alikuwa na jambo moja moyoni: Wabaski wapewe haki ya kuamua wenyewe uhusiano wao na Hispania. Mpango wake wa sheria mpya ulipitishwa na bunge la Vitoria-Gasteiz tarehe 30 Desemba 2004 kwa kura 39 dhidi ya 35. PNV na washirika wake hawakuwa na kura 39. Kura tatu za mwisho zilitoka kwa kundi la Arnaldo Otegi, watu wa Batasuna, chama ambacho Mahakama ya Juu ya Hispania ilikipiga marufuku Machi 2003 kwa kukiona ni mkono wa kisiasa wa ETA, kundi lenye silaha lililopigania uhuru wa Wabaski. Wabunge wake walikuwa wamechaguliwa mwaka 2001, kabla ya marufuku, hivyo bado walikuwa na viti. Siku ile waligawanyika makusudi: watatu wakaunga mkono, watatu wakapinga. Mwezi mmoja baadaye bunge la Madrid liliukataa mpango huo kwa kura 313 dhidi ya 29.

Ukaja uchaguzi wa Aprili 2005. Batasuna haikuweza kugombea, lakini kichama kidogo cha kikomunisti, EHAK, ambacho wachache sana walikuwa wamewahi kukisikia, kikajitokeza dakika za mwisho kubeba wapiga kura wake. Kikapata kura zaidi ya 150,000 na viti tisa. Juni mwaka huo Ibarretxe alichaguliwa tena kuwa lehendakari kwa kura 34 dhidi ya 33 za Patxi López. Kura mbili kati ya zile 34 zilikuwa za EHAK.

Juni 2008 akapeleka bungeni muswada wa kura ya maoni, iliyopangwa kufanyika tarehe 25 Oktoba. Ukapita kwa 34 dhidi ya 33. Safari hii EHAK walitoa kura moja tu, nayo ikatosha. Septemba Mahakama ya Katiba ikaubatilisha, na kura ya maoni haikufanyika kamwe.

Tatu, mbili, moja. Kwa miaka minne Ibarretxe alikuwa akivuka kila mto mkubwa kwa kushikwa mkono na watu ambao hakuwa na ushirika nao, watu ambao yeye mwenyewe aliwataka walaani mauaji nao wakakataa. Nao walikuwa wakimpimia kura kwa kibaba, kiasi cha kumvusha tu, ili kila mtu aone kwamba bila wao hafiki. Nadhani hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake mkubwa, kuliko hata mpango wenyewe. Kiongozi anayetaka kubadilisha hatima ya watu wake hawezi kuitegemeza juu ya kura moja ya ziada, tena kura anayoiazima mahali kama hapo.

Na mwaka 2009 hapakuwa tena na mtu wa kuazima kwake. Sheria ya Vyama ya Juni 2002 iliruhusu mahakama kukifuta chama kinachosaidia ugaidi, na kufikia Septemba 2008 EHAK nayo ilikuwa imefutwa, pamoja na chama kikongwe cha ANV. Februari 2009 orodha mbili mpya za wagombea, D3M na Askatasuna, zikaenguliwa na Mahakama ya Juu, na Mahakama ya Katiba ikaridhia. Kwa mara ya kwanza tangu 1980, uchaguzi wa bunge la Wabaski ulifanyika bila orodha hata moja ya upande wa Batasuna. Aliyekuwa mzalendo wa mrengo wa kushoto alibakiwa na Aralar, chama kilichojitenga na Batasuna kwa sababu ya kukataa matumizi ya silaha.

Nisieleweke vibaya. Siandiki haya kuwatetea ETA wala waliokaa kimya juu yao. ETA iliua watu zaidi ya 800 katika maisha yake. Machi 2008 ilimpiga risasi Isaías Carrasco, aliyekuwa diwani wa Wasoshalisti, nje ya nyumba yake mjini Arrasate, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Hispania. Desemba mwaka huo ikamuua mfanyabiashara mjini Azpeitia ambaye kampuni yake ilikuwa na kazi katika ujenzi wa reli ya mwendokasi. Tarehe 23 Februari 2009, siku sita kabla ya kupiga kura, bomu lililipuka kwenye ofisi ya Wasoshalisti mjini Lazkao. Katika miji midogo ya Gipuzkoa, kukubali jina lako liwekwe kwenye orodha ya Wasoshalisti au ya PP, chama cha wahafidhina, kulimaanisha kutembea na walinzi hadi dukani. Anayesema uchaguzi wa 2009 haukuwa huru kwa sababu D3M ilienguliwa, aseme pia ulikuwaje huru kwa mgombea anayechungulia chini ya gari lake kila asubuhi kabla ya kuliwasha. Tena Juni 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba kuipiga marufuku Batasuna hakukukiuka haki.

Kwa hiyo mahakama zilikuwa na sababu. Hilo nalikubali. Ila sababu ya kumwengua mgombea haimfuti mpiga kura wake.

Na wapiga kura hao walijitokeza. Upande wa Batasuna uliwataka watu watumbukize karatasi za D3M masandukuni hata kama hazitahesabiwa, na wakafanya hivyo. Kura zilizoharibika siku hiyo zilizidi 100,000, karibu asilimia 9 ya zote zilizopigwa. Katika uchaguzi wa kawaida kura zilizoharibika huwa ni za waliokosea kukunja, waliochora au waliotukana kwenye karatasi, nazo hazifiki hata asilimia moja. Hizi zilikuwa sauti kamili za watu waliojua wanachofanya. Lakini kwa sheria ya Hispania kura iliyoharibika haiingii popote: haihesabiwi katika kizingiti cha asilimia tatu kwa kila mkoa, wala katika kugawa viti. Viti vyote 75 viligawanywa kana kwamba watu hao walibaki nyumbani.

Hesabu ya usiku ule ilikuwa hivi: PNV 30, Wasoshalisti 24, PP 13, Aralar 4, EA 2, EB (chama cha mrengo wa kushoto) 1, na UPyD, chama kichanga wakati huo kilichopinga uzalendo wa Kibaski, 1. Wasoshalisti, PP na UPyD kwa pamoja: 38. Wingi unaotakiwa bungeni ni 38. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Siku chache baadaye zikahesabiwa kura za Wabaski waishio nje ya nchi, na kiti kimoja kikatoka EA kikahamia kwa Wasoshalisti. Kambi ya López ikafika 39.

Kiti cha UPyD kinaonyesha vizuri jinsi mikoa ilivyofanya kazi. Chama hicho kilipata chini ya kura 23,000 katika mikoa yote mitatu, asilimia 2.15 tu, lakini kikavuka kizingiti ndani ya Álava ndogo na kumpeleka Gorka Maneiro bungeni. EB, iliyopata kura zaidi ya 36,000, iliambulia nayo kiti kimoja. EA, kwa kura zaidi ya 38,000, kimoja vilevile.

Ukijumlisha kura badala ya viti, picha inageuka. Vyama vitatu vilivyompigia López vilipata jumla ya kura kama 486,000. PNV, Aralar na EA, waliompigia Ibarretxe, walipata kama 500,000, na hapo hujaweka hata moja ya zile laki moja zilizoharibika. Wenye kura chache walipata viti 39, na wenye kura nyingi 35.

Je, D3M ingeruhusiwa, ingekuwaje? Hapa lazima mtu aende polepole, kwa sababu watu hupiga kura tofauti kutegemea nani yuko kwenye karatasi. Aralar ilipanda kutoka kiti kimoja hadi vinne, na sehemu ya hao huenda walikuwa watu waliokosa chama chao. Baadhi ya viti vya D3M vingetoka PNV na Aralar, si kwa López. Lakini mwaka 2001 kundi hilohilo lilipata viti saba kwa asilimia 10 ya kura, na EHAK ilipata tisa mwaka 2005 kwa asilimia 12. Asilimia 9 ingetoa viti sita au saba. López alikuwa na kiti kimoja tu cha ziada juu ya wingi. Ili apoteze wingi, ilitosha viti viwili kati ya hivyo sita au saba vitoke kwenye kambi yake. Sioni hesabu inayokubalika ambayo kambi hiyo ingebaki na 38.

Hapo ndipo kwenye kiini cha kisa hiki kwa maoni yangu. Wasoshalisti walijieleza kwamba Wabaski wamechagua mabadiliko. Wabaski hawakuchagua mabadiliko. Bunge ndilo lililoyachagua, na lilikuwa na mamlaka kamili ya kufanya hivyo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya kuliigharimu serikali ya López, maana ilijiona imebebwa na wimbi ambalo halikuwepo.

Utaratibu wa bunge lenyewe uko wazi. Katika kumchagua lehendakari hakuna kura ya hapana. Kila kundi linaweza kusimamisha mtu wake, kisha mbunge akiitwa jina anataja mgombea mmoja au anajizuia. Huwezi kumzuia mtu kwa kumkataa tu. Lazima uwe na wako mwenye kura zaidi. Tarehe 5 Mei López na Ibarretxe walisimama wote wawili. López alipata 39, Ibarretxe 35, na mbunge wa EB akajizuia. 39 kwa 35: namba zilezile zilizopitisha mpango wa Ibarretxe miaka minne na miezi minne kabla, zikiwa zimegeuka upande. Wale watatu wa mwaka 2004 hawakuwa na warithi ukumbini.

Makubaliano ya Wasoshalisti na PP yalikuwa ya aina yake, maana Madrid vyama hivyo ni mahasimu wa jadi. Antonio Basagoiti wa PP hakuomba wizara. Alichopata ni kiti cha spika, alichokalia Arantza Quiroga, na ahadi za sera. López akaunda serikali ya wachache yenye viti 25 vyake tu, iliyosimama kwa hisani ya PP. ETA ikatangaza kwamba serikali hiyo itakuwa shabaha yake ya kwanza, na Juni ikamuua inspekta wa polisi mjini Arrigorriaga kwa bomu la gari.

Kabla ya hapo, tarehe 7 Mei, López aliapishwa Gernika chini ya mti wa mwaloni, mahali ambapo José Antonio Agirre, lehendakari wa kwanza, aliapa Oktoba 1936 wakati wa vita, miezi michache kabla mji huo haujateketezwa kwa mabomu. Kiapo cha Agirre kinaanza kwa kujinyenyekeza mbele ya Mungu. López, ambaye si mtu wa dini, aliondoa maneno hayo na msalaba haukuwepo, lakini alibakiza kusimama juu ya ardhi ya Wabaski na kuwakumbuka wahenga. Wapo walioona amevunja mila. Mimi naona aliapa kwa alichokiamini, na mtu akiapa hivyo kiapo kina uzito.

Aliongoza miaka mitatu na zaidi, katikati ya msukosuko wa uchumi. Jambo kubwa kuliko yote lilitokea tarehe 20 Oktoba 2011, ETA ilipotangaza kuacha silaha moja kwa moja. Kabla ya hapo, Mei 2011, Mahakama ya Katiba iliruhusu muungano mpya wa Bildu kugombea udiwani, kwa majaji sita dhidi ya watano, na Bildu ikachukua hata ofisi ya meya wa Donostia. Mlango uliofungwa mwaka 2009 ulikuwa umefunguka tena, na watu waliokuwa nje walirudi wengi kuliko walivyoondoka, kwa kuwa EA ilikuwa nao tangu Bildu ilipoundwa, na Aralar ikaungana nao baadaye.

Mei 2012 PP ilivunja makubaliano, na López akaitisha uchaguzi wa tarehe 21 Oktoba. PNV ikapata 27, EH Bildu 21, Wasoshalisti 16, PP 10, UPyD 1. Vyama vitatu vilivyokuwa na viti 39 vikabaki na 27. Desemba Iñigo Urkullu wa PNV alichaguliwa lehendakari katika duru ya pili kwa kura 27 tu, dhidi ya 21 za Laura Mintegi wa EH Bildu. Waliobaki hawakusimamisha mtu. Utaratibu ulikuwa uleule uliompa López kiti chake. Tofauti ni kwamba katika ukumbi huo, kila kambi ya nchi ilikuwa imepigiwa kura zilizohesabiwa.